Shajara ya mradi: jedwali la kusomea saikolojia ng'ambo

Wiki ya 1. Umbo la kwanza

Kinachotengenezwa ni jedwali moja, si kitabu. Mwombaji alifungue, atafute nchi anayoitaka, aone masharti ya kuingia, tarehe ya mwisho, gharama na karatasi za kuandaa. Nchi za kuanzia ni sita: Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Marekani, Australia na Kanada. Safu za mwanzo ni ngazi ya shahada, muda, lugha ya kufundishia, mahali pa kuombea, tarehe ya mwisho, ada na fedha za viza.

Kanuni ya kuingiza taarifa: namba inaingia ikiwa tu imesomwa kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, wa serikali, au wa chombo kinachosajili wanasaikolojia, na kando yake inaandikwa siku iliyosomwa. Kurasa za mawakala wa udahili hazihesabiki, hata kama zimepangwa vizuri kuliko za vyuo (na kwa kawaida zimepangwa vizuri kuliko za vyuo). Wakala hulipwa na baadhi ya vyuo, na vyuo hivyo ndivyo vinavyotangulia kwenye orodha yake.

Wiki ya 2. Safu ya "muda" imevunjika

Safu ilijazwa haraka: England miaka 3, Uskoti 4, Uholanzi 3, Marekani 4, Australia 3. Namba zote ni sahihi, na zote zinapotosha. Miaka mitatu mpaka uwe nani?

Australia ndiyo iliyofichua tatizo. Miaka 3 ya kwanza yenye ithibati ya APAC, chombo cha huko cha kuthibitisha kozi za saikolojia, inakupa shahada, lakini kusajiliwa kama mwanasaikolojia kunadai mlolongo wa miaka 6: mitatu ya mwanzo, wa nne wa heshima (Honours), kisha miwili ya mafunzo ya juu. Marekani anayetaka leseni ya kutibu kwa jina la mwanasaikolojia huhitaji, katika majimbo mengi, shahada ya uzamivu. Ujerumani leseni ya tiba ni miaka 3 na 2, halafu mtihani wa serikali. Cheti cha Ulaya cha EuroPsy kinahesabu masomo ya miaka 5, yaani alama 300 za ECTS (kipimo cha Ulaya cha uzito wa masomo), pamoja na mwaka mmoja wa kazi chini ya msimamizi. Kuzilinganisha nchi hizi kwa urefu wa shahada ya kwanza ni kulinganisha ngazi kwa kutazama kipandio cha kwanza tu.

Jedwali limepinduliwa. Safu ya kwanza sasa inauliza: *mwishoni unataka kufanya kazi gani, na katika nchi ipi?* Majibu ni matatu. Mtafiti au mhadhiri. Mtoa tiba mwenye leseni. Au kazi ya saikolojia isiyodai leseni, kama vile rasilimali watu, utafiti wa watumiaji wa bidhaa, tathmini ya miradi. Nchi ya kusomea na nchi ya kufanyia kazi zimetenganishwa kuwa safu mbili, kwa sababu bodi ya nchi ya kazi ndiyo yenye neno la mwisho. Mwombaji anayekusudia kurudi kwao au kwenda nchi ya tatu aiandikie bodi hiyo *kabla* ya kulipa ada, aulize swali moja: shahada hii, ya chuo hiki, yenye masomo haya, itatambuliwa kwa usajili upi? Jibu alihifadhi kwa maandishi.

Mstari mmoja umefutwa kabisa: daktari wa magonjwa ya akili. Huyo hupitia shule ya udaktari kwanza, na shahada ya saikolojia haimfupishii njia.

Wiki ya 3 na 4. Uingereza

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa kila mara: ithibati ya shahada na ulinzi wa jina la kazi.

Ithibati hutolewa na British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia cha huko. Shahada iliyoithibitishwa, ukiimaliza kwa angalau daraja la pili la chini, hukupa msingi wa uanachama unaoitwa kwa kifupi GBC. Bila GBC milango ya mafunzo ya kitaaluma karibu yote imefungwa. Masomo ya lazima ni saikolojia ya baiolojia, ya utambuzi, ya makuzi, ya jamii, tofauti baina ya watu, historia na dhana za fani, na mbinu za utafiti pamoja na takwimu. Utafiti wa mwisho wa mwanafunzi lazima ufaulu wenyewe. Alama nzuri za masomo mengine haziufidii.

Jina la kazi hulindwa na chombo kingine, HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Ajabu yake ni kwamba neno "mwanasaikolojia" likiwa peke yake halilindwi na sheria huko. Yanayolindwa ni majina tisa: "registered psychologist", "practitioner psychologist", na saba ya fani mahususi, yaani wanasaikolojia wa kliniki, wa ushauri, wa elimu, wa mahakama na jinai, wa afya, wa kazini, na wa michezo na mazoezi.

Mtego mkubwa wa safu hii upo hapo. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja yenye maneno "saikolojia ya kliniki" kwenye jina haikufanyi kuwa mwanasaikolojia wa kliniki. Hiyo hupatikana kwa uzamivu wa kliniki wa miaka 3, ambao Waingereza wengi hulipiwa na huduma ya afya ya umma huku wakipokea mshahara kama wafanyakazi walio mafunzoni. Nafasi hizo zimefungamanishwa na hadhi ya ukaazi, na za wanaojilipia kutoka nje ni chache. Kwa hiyo kwenye jedwali kila MSc imepewa alama moja kati ya tatu: "inatoa GBC", "inataka uwe na GBC", "haihusiani na GBC". Hii ya tatu si kozi mbaya. Ni kozi ambayo mtu aijue ilivyo kabla hajaiingia.

Kwa aliyesoma fani nyingine kuna kozi ya kugeuza fani: MSc ya saikolojia, mara nyingi mwaka mmoja wa muda wote, inayobana masomo ya msingi yote yaliyotajwa juu na kutoa GBC. Ni nzito kuliko inavyotangazwa. Takwimu ambazo mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma kwa miaka miwili, hapa huja katika mihula miwili.

Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo, chaguo 5 kwa mwaka. Oxford na Cambridge hufunga 15 Oktoba. Vingine huhesabu kwa usawa maombi yaliyofika kabla ya tarehe ya Januari inayotangazwa kila mwaka. Kuanzia wanaoingia 2026, insha ya mwombaji imegawanywa katika maswali matatu, jumla herufi 4,000, kila jibu lisipungue 350. Kinachoangusha insha nyingi za saikolojia ni aya ya kwanza inayosema mwombaji ni msikilizaji mzuri na marafiki humjia na shida zao. Wasomaji wa idara wanatafuta dalili kuwa unajua saikolojia ni sayansi ya kupima: jaribio ulilolisoma, udhaifu ulioona katika sampuli yake, swali lililobaki. Tumeliweka hilo kama maelezo mafupi kando ya safu, si kama kielelezo cha insha, maana vielelezo hunakiliwa.

Wiki ya 5. Uholanzi

Shahada za kwanza za saikolojia kwa Kiingereza zipo katika vyuo kadhaa vya umma, vikiwemo Groningen na Maastricht. Mahali pa kuombea ni Studielink. Programu nyingi kati ya hizo zina idadi maalumu ya nafasi, utaratibu unaoitwa numerus fixus, na hapo kalenda hubadilika kabisa: mwisho wa kuomba ni 15 Januari, namba ya nafasi yako kwenye orodha hutoka 15 Aprili, na ukipewa nafasi una wiki mbili za kuikubali. Ukizembea, inahamia kwa anayefuata. Kwa mwaka mmoja unaruhusiwa kuomba programu mbili tu za aina hiyo.

Makosa tuliyoyaandikia tahadhari:

Kwanza, mtu husoma kuwa "maombi ya Uholanzi hufungwa Mei" akaridhika. Mei ni ya programu zisizo na ukomo wa nafasi. Pili, vyuo hudai ushahidi wa hisabati, na cheti chenye hisabati ya ngazi ya chini hukataliwa hata kama alama nyingine zinang'aa. Nafasi ya kufanya mtihani wa ziada wa hisabati hujaa mapema, kwa hiyo suala hili lishughulikiwe Septemba, si Desemba. Tatu, mwaka wa kwanza una kizingiti: katika alama 60 za ECTS za mwaka, vyuo vingi hutaka angalau 42 au 45, la sivyo unaondolewa kwenye programu. Masomo yanayowaangusha wengi ni takwimu.

Na nne, ambalo ni la mlango wa kutokea: shahada ni ya Kiingereza, lakini wagonjwa ni wa Kiholanzi. Usajili wa mwanasaikolojia wa afya kwenye BIG, rejista ya serikali ya wataalamu wa afya, huja baada ya uzamili na mafunzo mengine ya miaka miwili kazini. Asiyeongea Kiholanzi vizuri hafiki huko. Kwa mtafiti hali ni nyingine: uzamili wa utafiti wa miaka 2, alama 120, hufundishwa kwa Kiingereza na ndio daraja la kawaida la kwenda uzamivu.

Wiki ya 6. Ujerumani

Nchi iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Maabara ya saikolojia ya Wilhelm Wundt ilifunguliwa Leipzig mwaka 1879, na kana kwamba kila mtu tangu siku hiyo ameongeza fomu yake moja.

Linalovutia linajulikana: vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lisilojulikana ni kwamba saikolojia ni miongoni mwa masomo yanayogombaniwa zaidi, nafasi hugawiwa kwa alama, na shahada ya kwanza kwenye vyuo vya umma kwa kawaida hufundishwa kwa Kijerumani. Kiwango cha lugha ni DSH-2 au TestDaF alama 4 katika sehemu zote nne. Kutoka sifuri hadi hapo, weka mwaka mmoja na nusu au miwili ya kujifunza kwa bidii. Anayekuambia miezi sita anakuuzia kozi.

Sheria mpya ya tiba ya kisaikolojia ilianza 1 Septemba 2020 na imebadilisha maana ya kila shahada. Sasa njia ya leseni ni: shahada ya kwanza ya saikolojia iliyokubaliwa kwa ajili hiyo (alama 180), uzamili wa saikolojia ya kliniki na tiba ya kisaikolojia (alama 120), kisha mtihani wa serikali na leseni inayoitwa Approbation. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya ubingwa. Mwenye shahada ya kwanza ya nchi nyingine anayetaka kuingia kwenye uzamili wa kliniki lazima aonyeshe kuwa masomo yake yanalingana na yale yaliyotajwa na sheria, pamoja na mafunzo ya vitendo yenye saa zilizothibitishwa. Shahada nyingi za nje hazilingani, si kwa ubovu bali kwa kuwa hazikuandikwa kwa sheria hiyo. Safu hii imepakwa rangi ya njano, yaani ya tahadhari.

Shahada zenye majina kama "saikolojia ya biashara" kwenye vyuo vya sayansi tumizi ni halali na zina soko lake, ila hazipelekei kwenye leseni ya tiba. Uzamili wa Kiingereza upo kwa upande wa utafiti, mfano ule wa saikolojia ya neva na utambuzi katika chuo kikuu cha LMU mjini Munich.

Hatua za kuomba kama zilivyoingia kwenye jedwali: hakiki kwenye hifadhidata ya Anabin kama cheti chako kinakuingiza moja kwa moja au unahitaji mwaka wa maandalizi wa Studienkolleg. Kisha soma ukurasa wa chuo uone kama maombi yanapita uni-assist, huduma inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo, na kama wanataka maombi kamili au hati ya tathmini ya awali tu, iitwayo VPD. Malipo ya uni-assist ni euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila cha ziada katika muhula huohuo. Uchakataji unaweza kumaliza wiki 4 hadi 6, na tarehe ya mwisho ya muhula wa baridi kwa vyuo vingi ni 15 Julai. Anayetuma VPD mwanzoni mwa Julai anakuwa ametuma kwa ajili ya mwaka ujao bila kujua.

Wiki ya 7. Marekani

Shahada ya kwanza: miaka 4, na ithibati ya APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, haihusiki kabisa. Watu huitafuta kwenye shahada ya kwanza wasiione, wakadhani chuo ni bandia. APA huthibitisha mafunzo ya uzamivu ya kliniki, ushauri na saikolojia ya shule. Kwa shahada ya kwanza angalia ithibati ya chuo kizima.

Uzamivu una matawi mawili yanayotofautiana kwa fedha kuliko kwa masomo. PhD kwa kawaida husamehewa ada na kupewa posho, kwa kuwa unafanya kazi ya utafiti na kufundisha. PsyD imeelekea tiba na kwa sehemu kubwa mwanafunzi hujilipia. Programu za kliniki za PhD huchukua wanafunzi wachache mno kwa mwaka, na mwombaji hapimwi na chuo kwa jumla bali na profesa mmoja ambaye maabara yake atafanyia kazi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta maprofesa, si vyuo. Ukurasa wa maabara mara nyingi husema kama profesa anachukua mwanafunzi mwaka huo. Kama hachukui, ombi zuri kiasi gani halitasaidia, na ada ya kuomba hairudi.

Tarehe za mwisho nyingi ziko mwanzoni mwa Desemba, barua za mapendekezo ni tatu, na mtihani wa GRE umeondolewa au kufanywa wa hiari katika programu nyingi. Soma ya kila moja. Mwisho wa safari kuna mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo (internship), kisha mtihani wa leseni wa EPPP wenye maswali 225, kati yake 175 ndiyo yanayohesabiwa.

Jambo dogo lenye uzito: namba ya fani kwenye fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza. Baada ya masomo, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12. Fani zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24. Saikolojia ya jumla, namba 42.0101, haimo. Saikolojia ya utafiti na majaribio, zile za 42.27, zimo. Vyuo viwili vinaweza kufundisha masomo yaleyale chini ya namba tofauti. Tumeongeza safu ya namba hiyo, na inajazwa kwa kuiuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo husika.

Wiki ya 8. Australia na Kanada

Australia imeshaelezwa kwenye wiki ya 2. La kuongeza: mwaka wa masomo huanza Februari au Machi, na mwaka wa nne wa heshima una nafasi chache zinazogombaniwa na wahitimu wote wa mwaka wa tatu. Hapo ndipo mlolongo hukatika. Njia ya zamani ya miaka 4 ya masomo na 2 ya kazi imefungwa. Anayeiona kwenye ukurasa wowote ajue ukurasa huo ni wa zamani.

Kanada haina leseni ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake, na kiwango cha shahada hutofautiana: Quebec hudai uzamivu, Alberta hukubali uzamili. Mstari wa "Kanada" umegawanywa kwa majimbo, na mawili tu ndiyo yaliyojazwa.

Wiki ya 9. Faili la nyaraka

Hapa ndipo maombi hufia, kwa hiyo tumepatumia muda.

Matokeo ya masomo ya chuo, yenye kila somo, alama na uzito wake. Maelezo ya mfumo wa alama, maana 65 ni alama nzuri sana sehemu moja na ya kukatisha tamaa sehemu nyingine. Mihtasari ya masomo: hii ndiyo inayosahaulika. Anayeomba uzamili wa saikolojia ataulizwa alisoma takwimu zipi hasa, na jina "Mbinu za Utafiti II" halijibu. Mhtasari uonyeshe mada (jaribio la t, uchanganuzi wa varianzi, regresheni), saa za darasani, vitabu, namna ya kutahini, na programu iliyotumika, iwe SPSS, R au JASP. Idara iombwe mihtasari iliyopigwa muhuri, ya mwaka uliosomwa, si ya mwaka huu. Idara inaweza kuchukua mwezi mzima kuitafuta.

Majina: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na matokeo ya chuo viandikwe sawa, kwa mpangilio uleule. Jina la tatu lililopo kwenye cheti kimoja na kukosekana kwenye kingine linatosha kusimamisha faili. Dawa ni hati ya kiapo inayotaja majina yote mawili kuwa ya mtu mmoja, na iandaliwe kabla ya kuulizwa.

Tafsiri zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa au anayetambuliwa na nchi inayopokea. Tafsiri ya rafiki, hata akiwa hodari, hurudishwa. Nakala zilizothibitishwa zifanyiwe skani kwa rangi, ili muhuri uonekane, pamoja na upande wa nyuma.

Barua za mapendekezo: chuo hutuma kiungo kwa mwandishi mwenyewe. Anwani ya baruapepe ya chuo inaaminika. Ya bure hutiliwa shaka na vyuo vingine huikataa. Mwandishi apewe wiki 6, na karatasi moja yenye orodha ya kozi, tarehe, na mambo matatu ambayo yeye peke yake anaweza kuyashuhudia. Barua inayosema mwanafunzi ni mtiifu na mcha Mungu haimsaidii mwombaji wa maabara. Inayosema alisafisha data za washiriki mia mbili na kugundua kosa la usimbaji humfikisha mbali.

Mtihani wa Kiingereza: saikolojia hudai zaidi ya fani nyingine nyingi, IELTS 6.5 au 7.0, na aghalabu kuna kiwango cha chini kwa kila sehemu. Mwenye wastani wa 7.0 na 5.5 ya kuandika hukwama. Matokeo huisha nguvu baada ya miaka 2.

Wiki ya 10. Kugeuza uzito wa masomo

Fomula imeingizwa. ECTS moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, na mwaka ni alama 60. Alama za Uingereza hugawanywa kwa mbili: 360 ni sawa na 180 za Ulaya. Kwa mifumo mingine, mfano: somo la saa 3 kwa wiki, wiki 15, ni saa 45 za darasani. Ukiweka saa mbili za kujisomea kwa kila moja ya darasani unapata 90, jumla 135, yaani kati ya 4.5 na 5.4 za ECTS. Andika 5, na uambatishe hesabu. Hesabu hii ni ya mwombaji kujipima tu. Neno la mwisho ni la chuo.

Kosa lililosahihishwa: fomula ya awali ilihesabu saa za darasani peke yake, hivyo kila shahada ya nje ikaonekana theluthi moja tu ya ilivyo.

Wiki ya 11. Fedha za viza

Uingereza: kuanzia 11 Novemba 2025 kiwango cha kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi London na 1,171 nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9. Nje ya London ni pauni 10,539, pamoja na ada yoyote ambayo haijalipwa. Fedha zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki iwe ndani ya siku 31 kabla ya kuomba viza. Mfano: fedha zimekaa 14 Julai hadi 10 Agosti. Hizo ni siku 28 kamili. Zikishuka chini ya kiwango siku moja tu, tuseme 30 Julai, hesabu inaanza upya siku zilipokamilika tena. Kinachozishusha mara nyingi si matumizi bali thamani ya sarafu: akaunti isiyo ya pauni hugeuzwa kwa kiwango cha siku ya kuomba. Jedwali linapendekeza nyongeza ya asilimia 5 hadi 10 juu ya kiwango.

Mchango wa afya ni pauni 776 kwa mwaka wa viza, na hulipwa wote kwa mkupuo. Viza ya uzamili wa mwaka mmoja huzidi mwaka, kwa hiyo malipo huwa mara nyingi pauni 1,164. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa haruhusiwi kuleta mwenzi wala watoto.

Ujerumani: akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Marekani: hakuna kiwango cha nchi nzima, kiasi kimeandikwa kwenye I-20 yako, na ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 hulipwa kabla ya mahojiano.

Wiki ya 12. Ufadhili

Mstari mmoja umekamilika: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa uzamili wa mwaka mmoja Uingereza. Unahitaji saa 2,800 za uzoefu wa kazi, unachagua kozi tatu, na baada ya kumaliza unarudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Sharti la kurudi likigongana na safu ya "nchi ya kufanyia kazi", jedwali litoe onyo.

Wiki ya 13. Majaribio kwa wasifu wa kubuni

Wasifu A: shahada ya ualimu, anataka kutibu wagonjwa Uingereza. Jedwali limempa kozi ya kugeuza fani mwaka 1, uzoefu wa kazi, kisha uzamivu miaka 3. Daraja la katikati ni jembamba: viza ya baada ya masomo ni miaka 2, na kwa maombi ya kuanzia 1 Januari 2027 itakuwa miezi 18, halafu uzamivu unaolipiwa unadai hadhi ya ukaazi ambayo hana. Toleo la kwanza lilimwonyesha kijani. Sasa ni nyekundu, na chini yake kuna pendekezo: aulize bodi ya nchi yake ni mafunzo gani ya tiba yanayotambuliwa huko.

Wasifu B: kidato cha mwisho, hisabati nzuri, Kiingereza, anataka utafiti. Uholanzi, kijani, mradi hisabati ihakikiwe Septemba.

Wasifu C: ana shahada ya saikolojia, anataka PhD ya kliniki Marekani. Jedwali lilimpitisha bila kumuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye maabara. Kwa programu hizi huo ni upungufu mkubwa, kwa hiyo safu ya uzoefu wa utafiti imeongezwa, ikihesabiwa kwa miezi, si kwa vyeti vya semina.

Wiki ya 14. Yaliyobaki

Majimbo mengine ya Kanada. Ada za vyuo kwa mwaka ujao, ambazo hazijatangazwa zote. Kila namba ya viza iliyosomwa zaidi ya siku 90 zilizopita itajigeuza kuwa ya kijivu hadi isomwe upya; fomula hiyo inafanya kazi Uingereza na Ujerumani, kwa Marekani bado inasoma vibaya mpangilio wa tarehe, mwezi ukichukua nafasi ya siku.

Ukaguzi unaofuata: wiki ya kwanza ya Septemba, kuanzia mstari wa hisabati ya Uholanzi.